Wakili Aliyelinda Siri ya Bomu la Atomiki

Mapema mwaka 1942, kijana mmoja aliyevaa nguo za kiraia alifika Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley, akajitambulisha kama wakili tu. Alikaa na maprofesa kwenye klabu yao, akala nao, akapiga soga, akauliza machache na kusikiliza mengi. Haukupita muda mrefu akawa amejua kwamba chuoni hapo watu walikuwa wakitafiti silaha ya aina mpya kabisa, na kwamba walikuwa wakiizungumzia bila kuangalia nani yuko karibu. Aliporudi mara ya pili alivaa sare za jeshi, akawaeleza yote aliyoyasikia kutoka vinywani mwao.

Jina lake John Lansdale. Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1912, akasoma chuo cha kijeshi cha Virginia, kisha sheria huko Harvard. Alipohitimu mwaka 1936 alikwenda kufanya uwakili katika mji wa Cleveland, Ohio. Alikuwa ofisa wa akiba, kwa hiyo vita ilipoisogelea Marekani akaitwa jeshini. Aliyemtuma Berkeley ni James Conant, rais wa Harvard na mmoja wa wasimamizi wa utafiti wa bomu la atomiki, aliyehofia kwamba Wajerumani walikuwa wametangulia.

Baadaye Lansdale alikabidhiwa usalama wa mradi mzima wa bomu, uliojulikana kama Manhattan, chini ya Jenerali Leslie Groves. Jasusi huiba siri za wengine. Kazi ya Lansdale ilikuwa kuhakikisha za kwao haziibwi. Walioajiriwa walichunguzwa, barua zilisomwa, walioshukiwa walifuatwa nyuma, na kila mfanyakazi alielezwa sehemu yake tu ya kazi. Kwa wakili, hapo palikuwa na mtihani mgumu: ni lini shaka inatosha kumhukumu mtu?

Mtihani huo ulikuja na jina la Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya Los Alamos. Mke wake aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Mdogo wake vilevile. Maofisa wa usalama wa jeshi kule California, wakiongozwa na Boris Pash, walitaka aondolewe. Lansdale alisoma faili lote, akazungumza na mke wa Oppenheimer ana kwa ana, na tarehe 12 Septemba 1943 akamhoji Oppenheimer mwenyewe. Alimbana kwelikweli. Alitaka jina la mtu aliyemletea ujumbe kwamba ipo njia ya kupeleka habari za utafiti kwa Warusi. Oppenheimer alikataa kumtaja rafiki yake; jina hilo alilitoa miezi kadhaa baadaye, Groves alipomwamuru.

Lansdale hakupenda ukaidi huo. Hata hivyo alitofautisha mambo mawili ambayo wengi waliyachanganya: mtu kuwa na marafiki wakomunisti, na mtu kuisaliti nchi yake. La kwanza lilikuwa na ushahidi tele. La pili halikuwa nao.

Wakati huohuo siri zilikuwa zikitoka kwa mlango mwingine. Klaus Fuchs, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani, alifika Los Alamos mwaka 1944 pamoja na wataalamu wa Uingereza, baada ya Waingereza kumthibitisha kuwa mtu salama. Alikuwa akiwapa Warusi habari za bomu, naye hakukamatwa hadi mwaka 1950. Ulinzi uliomwandama Oppenheimer usiku na mchana haukumwona Fuchs.

Aprili 1945 Lansdale alikuwa Ujerumani, vita ikielekea ukingoni. Pamoja na Waingereza aliongoza kikosi kilichokwenda Stassfurt kutafuta urani ya Wajerumani, malighafi ya bomu la atomiki, kabla jeshi la Kisovieti halijachukua eneo hilo. Waliikuta kiwandani, kiasi cha tani 1,100, katika mapipa ambayo mengi yalikuwa yamevunjika. Ilibidi watafute vyombo vipya, waipakie upya na kuisafirisha kwa malori.

Sehemu kubwa ya mzigo huo ilitoka Kongo. Ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji ambao leo ni Likasi, ikapelekwa Ubelgiji na kampuni ya Union Minière, na Wajerumani wakaiteka walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940. Mgodi huohuo ndio uliotoa urani nyingi iliyotumiwa na mradi wa Manhattan wenyewe. Udongo wa Katanga ulilindwa na maofisa wa mataifa makubwa kuliko walivyolindwa Wakongo waliouchimba.

Baada ya vita Lansdale alirudi kwenye uwakili. Mwaka 1954, hofu ya ukomunisti ilipotanda Marekani, Oppenheimer aliwekwa mbele ya bodi iliyochunguza kama anastahili kuendelea kukabidhiwa siri za serikali. Jenerali Groves alisema kwamba kwa sheria ya wakati huo asingempa kibali. Lansdale, aliyelijua faili lile kuliko karibu mtu yeyote, alishuhudia kwamba anamwona Oppenheimer kuwa mtu mwaminifu kwa nchi yake, akaonya kwamba jazba ya kuwasaka wakomunisti ilikuwa hatari kubwa. Kusema hivyo mwaka ule kulihitaji ujasiri, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumkumbuka.

Oppenheimer alinyimwa kibali, akafariki mwaka 1967 bila kurudishiwa. Lansdale alifariki Agosti 2003 akiwa na umri wa miaka 91. Desemba 2022 serikali ya Marekani iliufuta uamuzi wa 1954, ikisema uchunguzi ule haukuendeshwa kwa haki na kwamba ushahidi wa uaminifu wa Oppenheimer umezidi kuthibitika.