VIROBOTO NUSURA WANIHAMISHE GETO!

Leo sina stori ya mapenzi wala ya nani kamwacha nani. Leo nina stori ya viroboto. Ndiyo, viroboto! Usicheke kwanza, maana ukimaliza kusoma huenda ukaanza kujikuna.

Mimi nimepanga chumba kimoja Mwananyamala. Nyumba zetu hizi unazijua: vyumba sita, korido katikati, choo uani, na mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele ili kila anayeingia na kutoka amwone. Nilipohamia, panya walikuwa wanatembea darini usiku kucha kama na wao wamelipa kodi. Wakanitafunia suruali ya jinzi, wakanitafunia na cheti changu cha fomu foo pembeni. Hapo nikaona basi. Nikachukua paka.

Nilimpa jina Chausiku kwa sababu aliingia geto usiku. Washikaji wa maskani walinicheka sana, eti kijana mzima unafuga nyau kama bibi! Lakini ndani ya wiki mbili panya wote walikula kona. Chausiku akawa staa wa nyumba nzima. Baadaye akazaa watoto watatu chini ya kitanda changu, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

PAKA AU WEWE

Nilianza kuona vipele vidogo kwenye vifundo vya miguu. Nikadhani mbu. Lakini mbu gani anayeng'ata vitatu-vitatu kwa mstari, tena mchana? Siku moja nimekaa kitandani nikaona kidude cheusi kimeruka kutoka kwenye mkeka hadi kwenye soksi. Kiroboto!

Kabla sijajipanga, wakawa wameshafika koridoni, na kutoka koridoni hadi kwa mjukuu wa mama mwenye nyumba. Mtoto wa watu miguu yote vidonda kwa kujikuna. Jioni nikaitwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo. Sikiliza. Kodi yako unalipa, sina ugomvi na wewe. Lakini mjukuu wangu halali. Nakupa mwezi mmoja. Ama viroboto waondoke, ama paka aondoke, ama muondoke wote wewe na paka wako."

Niliinamisha kichwa nikasema nimesikia mama. Ningesema nini?

KOSA LANGU

Sasa hapa, msomaji, sijisifu. Nilikwenda maskani kuomba ushauri, mshikaji mmoja akaniambia, "Aa, hiyo mbona ishu ndogo! Chukua mafuta ya taa, wapake, kesho hakuna kitu." Na mimi nikakubali kama zuzu. Nikachovya kitambaa, nikampaka Chausiku, nikawapaka na watoto wote watatu.

Haikupita saa moja, yule mdogo kuliko wote akaanza kutoa udenda na kutetemeka. Kusimama hawezi. Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikamfunga kwenye fulana yangu, nikakaa naye kifuani. Alfajiri akafa.

Nilimzika uani, chini ya mwarobaini. Sikutaka mtu anione, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Asubuhi hiyo hiyo nikawatia waliobaki kwenye boksi, mbio hadi duka la dawa za mifugo. Daktari wa pale akawafunua midomo akanionyesha fizi. Zilikuwa nyeupe, wakati za paka mwenye afya ni za pinki. Akaniambia watoto walikuwa wameshanyonywa damu hadi wameishiwa nguvu, na mafuta ya taa yakamalizia. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote unachompaka amekila. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na yakiingia kwenye mapafu ni balaa.

MJUE ADUI YAKO

Yule daktari alinipa darasa la bure, na mimi nalimwaga hapa. Kiroboto unayemwona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi. Jike mmoja hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka kila paka anapopita: mkekani, kwenye godoro, kwenye nyufa za sakafu. Yanatoka funza wadogo wanaojificha gizani na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Halafu kila funza anajifungia kwenye kifuko chake kama kiwavi. Kwa joto letu la Dar, toka yai hadi kiroboto mzima ni kama wiki tatu hivi.

Ujanja wake uko kwenye kile kifuko. Anaweza kutulia humo miezi, akisikilizia. Akihisi mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe, anachomoka. Ndiyo maana unahamia chumba kilichokaa kitupu, unaingia na godoro lako, dakika tano tu umeshashambuliwa!

Na siyo kuwashwa peke yake. Paka au mbwa akimmeza kiroboto wakati anajikuna kwa meno, anaweza kupata minyoo ya tegu. Utaona vipande kama punje za mchele nyuma yake. Mtoto mdogo naye akimmeza kwa bahati mbaya anaweza kuipata. Halafu usisahau viroboto wa panya ndio wanaobeba tauni. Kule Lushoto, mkoani Tanga, tauni iliibuka mwaka 1980 na ikasumbua watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo paka wa kufukuza panya tunamhitaji, ila awe msafi.

USIJARIBU HATA SIKU MOJA

Dawa za mtaani ni nyingi, na nyingine ni sumu. Mafuta ya taa nimeshakuambia. Kitunguu saumu, kiwe cha kulisha au cha kupaka, weka mbali: kinaharibu damu ya mbwa na paka. Limao na mafuta ya karafuu paka hawezi kuyastahimili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mbu usimguse nayo kabisa. Hata dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, maana nyingi zina pemethrini, na pemethrini inaua paka. Siki haiui kiroboto, itakuachia harufu ya achari tu.

NILIVYOWAMALIZA

Haya, chukua kalamu.

Kwanza hakikisha ni viroboto kweli. Mchane paka juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vumbi jeusi kama pilipili manga, lidondoshee maji. Likigeuka wekundu wa kutu, hiyo ni damu iliyokauka. Jibu umeshapata.

Pili, kitana. Kile cha chawa chenye meno ya kubanana. Nilikuwa nawachana asubuhi na jioni, shingoni na kwenye shina la mkia ambako ndiko maskani yao. Kila nikimnasa mmoja namtumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni. Ukimtia kwenye maji matupu anaelea na kuruka zake. Sabuni ndiyo inamzamisha. Usimminye kwa kucha. Kwa watoto wachanga kitana ndiyo dawa nambari moja, maana kuwaogesha kila mara kunawatia baridi.

Tatu, kumwogesha mama yao. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali. Anza na pete ya povu shingoni, la sivyo wote wanakimbilia kichwani, kwenye macho na masikio. Suuza vizuri, mkaushe juani. Nina alama sita mkononi za kucha za Chausiku, lakini viroboto waliotoka siku ile, lo! Bakuli lilikuwa jeusi.

Nne, na hapa ndipo vita yenyewe ilipo, ni nyumba. Shuka, foronya na matambara ya paka yote niliyatia kwenye maji ya moto kila wiki. Godoro na mkeka nje, jua la saa sita, maana mayai na funza hawapendi ukavu. Chini ya kitanda na kwenye nyufa nilifagia kila siku, taka nikazichoma mbali, halafu nikamwaga maji yaliyochemka kwenye nyufa za sementi. Nilipigia deki maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, yakishapoa. Majani hayo nilichuma palepale uani. Ni ya sakafuni tu. Usimnyweshe paka wala usimmwagie.

Kuna watu walinishauri chumvi. Nilijaribu, lakini kwa hewa ya Dar chumvi inatoka jasho kabla kiroboto hajakauka. Fagio lilinisaidia zaidi.

Tano, mtego wa usiku. Weka karai la maji ya sabuni sakafuni chini ya taa ya umeme, zima taa nyingine zote. Kiroboto anafuata mwanga na joto, anaruka, anatua kwenye karai. Usitumie kibatari, usije ukaunguza nyumba ya watu. Mtego huu hauwamalizi, lakini kila asubuhi unahesabu maiti na kujua vita inakwendaje.

UVUMILIVU, MSOMAJI

Wiki ya kwanza nilijiona bingwa. Wiki ya pili wakaibuka tena, nikataka kukata tamaa. Kumbe ndio wale wa kwenye vifuko waliokuwa wanasubiri. Ukiacha hapo umerudi mwanzo. Nikakaza buti.

Kama kwako wamezidi, au mnyama wako ni dhaifu na fizi zimepauka, usipoteze muda na mambo ya kienyeji. Nenda kwa daktari wa mifugo, mwambie ni paka au mbwa, ana umri gani na uzito gani, upewe dawa yake mwenyewe. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, leo ningekuwa na watoto watatu.

Siku ya 25 nilivaa soksi nyeupe ndefu, nikatembea chumba kizima na korido yote. Nikazikagua. Hakuna hata mmoja! Nikarudia kesho yake, hakuna. Bakuli safi, karai safi.

Jioni mama mwenye nyumba akabisha hodi. Moyo ukanilipuka, nikajua leo ndiyo leo. Mjukuu wake yuko ubavuni, miguu imeshakauka. Mama akachungulia chini ya kitanda, akaangalia, akaangalia, halafu akasema:

"Huyo mwenye mkia mweupe, akiacha kunyonya nipe mimi. Kule kwangu nimesikia panya tena."

Nikamwambia, "Chukua mama, na kitana chake nitakununulia."

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe unayejikuna hapo, kafagie chini ya kitanda!