Kambi za mapumziko vijijini: fahamu masharti ya ardhi kabla ya kuweka mtaji Mbarara na Nakivale

Msafirishaji anayepeleka mzigo Mbarara, kisha Nakivale, kisha akarudi kwa barabara ya Masaka kando ya Ziwa Mburo, huona mandhari yanayofanana karibu njia nzima. Kuna migomba, malisho ya ng'ombe wa Ankole na vilima vya nyasi. Kisheria, hata hivyo, sehemu hizo hazifanani. Kinachoruhusiwa katika kiwanja kimoja kinaweza kuwa kosa katika kingine, na katika cha tatu kisiwezekane kabisa hata mtu akiwa na fedha mkononi.

Jambo hilo linawahusu wafanyabiashara wenye akiba. Wilaya ya Isingiro ina makazi ya wakimbizi ya Nakivale yenye watu zaidi ya 100,000, Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 1, 2020, na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iko jirani. Wazo la kukodi ekari chache, kusimamisha mahema, kuweka jiko la nyama choma, uwanja wa michezo na maegesho ya malori ni wazo la biashara linaloeleweka. Swali ni nani mwenye uwezo wa kusema ndiyo.

Ardhi na matumizi yake ni vitu viwili

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwenye shamba akishapokea fedha na mwenyekiti wa LC1 akatia saini kama shahidi, kazi imekwisha. Makubaliano hayo yanahusu ardhi tu. Matumizi ya ardhi hiyo yana mlango wake.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 2010, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Maana yake ni kwamba hakuna tena ardhi ya kijijini iliyo nje ya utaratibu huo. Anayetaka kugeuza shamba la migomba au malisho kuwa kambi ya mahema, baa ya bustani au uwanja wa michezo wa kulipia anabadilisha matumizi ya ardhi, na anatakiwa kupata kibali cha uendelezaji kutoka kamati ya mipango ya eneo husika.

Kibali hicho si kibali cha ujenzi. Kibali cha ujenzi kinatolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, nacho kinaangalia kama jengo ni imara na salama. Cha kwanza kinajibu swali la kama shughuli hiyo inafaa kuwa mahali hapo. Mtu anaweza kuwa na michoro mizuri ya jiko na vyoo, lakini akakataliwa kwa sababu eneo limepangwa kwa kilimo au makazi.

Katika ngazi ya wilaya, kamati huongozwa na ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, na ofisa mipango ndiye katibu. Ndani yake wamo mpima ardhi, mhandisi wa barabara, ofisa mazingira, ofisa kilimo na mganga wa wilaya. Kila mmoja ana swali lake. Mhandisi atauliza magari yataingilia wapi barabarani, mganga atauliza maji machafu yataelekea wapi, na ofisa kilimo atauliza kwa nini shamba linalozalisha liachwe. Mwombaji aliyekwisha kujiandaa kwa maswali hayo anapunguza safari za kurudi ofisini.

Mjini: shamba linapogeuka kuwa jiji

Ukichukua barabara ya Masaka kutoka Mbarara, baada ya kilomita 12 hivi unafika Biharwe, palipo na kituo cha utamaduni cha Igongo. Biharwe ilikuwa kata ya vijijini kabla ya kuingizwa katika manispaa, na sasa ni sehemu ya jiji. Kakiika na Nyakayojo zimepita njia hiyo hiyo.

Mwenye ardhi huko bado anaweza kuwa na ng'ombe na migomba, lakini maombi yake sasa yanapelekwa jiji, wala si wilaya. Mpango wa jiji huigawa ardhi kwa kanda: makazi, biashara, viwanda, maeneo ya wazi na mapumziko. Kwa mwekezaji hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba kanda ikiwa imepangwa kwa mapumziko au biashara, ombi lina msingi. Hasara ni kwamba bei ya ardhi na kodi hupanda haraka, na kambi ya mahema inayohitaji nafasi kubwa yenye watu wachache haistahimili gharama za kiwanja cha mjini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mfanyabiashara aende na namba ya kiwanja au ramani ya mpima kwa ofisa mipango, aulize kiwanja kiko katika kanda gani na kama kuna barabara iliyochorwa kupita juu yake. Swali hilo dogo limewaokoa wengi.

Vijijini: funzo la Ziwa Mburo

Nje ya jiji, katika wilaya za Isingiro na Kiruhura, ardhi kubwa inamilikiwa na watu binafsi na familia, na sehemu yake hutumika kwa malisho. Hapa ndipo kambi za mapumziko zinapofaa zaidi. Lakini historia ya Ziwa Mburo inaonyesha kwamba mstari uliochorwa kwenye ramani bila kukubaliwa na majirani haudumu.

Eneo hilo lilikuwa pori la akiba ambamo wafugaji waliendelea kulisha ng'ombe. Mwaka 1983 serikali ililipandisha kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji wakaondolewa bila fidia. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1985 watu walirudi, wakawafukuza wafanyakazi wa hifadhi, wakaharibu majengo na kuua wanyama. Mwaka 1987 serikali mpya ilichora mipaka upya, na hifadhi ikabaki na chini ya nusu ya eneo lake la awali.

Tangu hapo mwelekeo ulibadilika. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, hugawana na jamii za jirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini. Mwaka 2001 mamlaka hiyo ilianza majaribio ya uwindaji wa kitalii katika ranchi zilizo nje ya hifadhi, ili mfugaji naye aone faida ya mnyama anayekula nyasi zake. Ardhi iliendelea kuwa ya malisho, ikaongezewa matumizi ya pili.

Mwekezaji wa kambi ndogo anaweza kujifunza hapo. Ndani ya hifadhi hakuna kununua wala kukodi kwa mtu binafsi. Huko mwenye neno ni UWA, yenye sehemu zake za kupiga kambi ikiwemo Rwonyo. Nje ya hifadhi, makubaliano na mfugaji yanayoacha ng'ombe waendelee kunywa maji na kupita njia zao za kawaida yana nafasi kubwa ya kudumu kuliko uzio unaofunga kila kitu.

Ufukweni: mahali pazuri, masharti makali

Kivutio cha kambi nyingi ni maji, na hapo ndipo wengi hukwama. Katiba ya Uganda inaweka maziwa, mito na ardhi oevu chini ya usimamizi wa serikali kwa niaba ya wananchi. Mtu hawezi kuuziwa ufuko wala kinamasi. Kanuni za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa ulinzi kandokando ya maziwa: mita 200 kwa yale makubwa na mita 100 kwa mengine. Ndani ya ukanda huo hakuna kujenga bila idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo yana uzito wa ziada. Ardhi oevu inayoyaunganisha iliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, mradi wa aina hii unaweza kutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kibali kutolewa. Gharama ya tathmini hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Nakivale: unaweza kufanya biashara, huwezi kuuza ardhi

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, katika kanda tatu za utawala: Base Camp, Juru na Rubondo. Maduka, migahawa, vinyozi na nyumba za kulala wageni viko, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara.

Ardhi ni suala jingine. Ardhi ya makazi iko chini ya usimamizi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, na kanuni za mwaka 2010 zinasema mkimbizi aliyegawiwa kiwanja anakitumia, lakini hana haki ya kukiuza wala kukikodisha. Karatasi ya mauziano, hata yenye mashahidi kumi, haibadilishi hali hiyo. Mfanyabiashara kutoka nje anayelipa fedha kwa ajili ya kiwanja ndani ya makazi ananunua kitu ambacho muuzaji hana.

Aidha, wageni wanaotembelea makazi wanahitaji idhini ya OPM. Kambi ya watalii ndani ya Nakivale ingekuwa na tatizo la kiwanja na tatizo la wateja kwa pamoja. Nje ya mipaka pia tahadhari inahitajika, kwa kuwa kumekuwa na migogoro ya muda mrefu kati ya wenyeji na makazi kuhusu mpaka unapita wapi. Anayekodi ardhi jirani na mpaka amwite mpima na aulize ofisi ya ardhi ya wilaya na ofisi ya msimamizi wa makazi, pande zote mbili.

Raia wa nchi jirani

Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Baadhi ya wafanyabiashara hudhani uanachama huo unawapa haki ya kumiliki ardhi Uganda. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inaacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Nchini Uganda asiye raia hupata ardhi kwa mkataba wa kupanga tu, usiozidi miaka 99, na mkataba wa miaka mitano au zaidi husajiliwa. Kama ardhi ni ya familia, mke au mume wa mwenye shamba lazima akubali. Bila idhini hiyo mkataba unaweza kubatilishwa.

Hesabu ya hasara

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kubuni tu. Mtu anakodi ekari tano kwa shilingi milioni 3 kwa mwaka na kulipa miaka mitano mapema: milioni 15. Mahema kumi yanagharimu milioni 15. Vyoo, jiko, kisima na uzio ni milioni 20. Jumla ni milioni 50. Mwezi wa tatu kamati inatoa notisi ya kusimamisha shughuli na kurudisha ardhi ilivyokuwa. Mahema yakiuzwa kwa nusu bei anapata milioni 7.5. Hasara ni milioni 42.5, kabla ya gharama ya kubomoa.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, ada za mpima, michoro na maombi, hata zikifika milioni 5, ni nafuu kuliko kubahatisha. Pili, kinachookolewa ni kile kinachoweza kupakiwa kwenye lori. Pale ambapo haki ya ardhi ni dhaifu, kama ndani ya Nakivale, mtaji ukae kwenye vitu vinavyohamishika: mahema ya kukodisha kwa sherehe, majokofu, jenereta, viti na magari. Zege na uzio vingoje mahali penye mkataba uliosajiliwa na kibali mkononi.

Wasafirishaji nao wana nafasi bila kushika ardhi yoyote. Kila kambi inahitaji maji, vinywaji, gesi, vyakula na vifaa. Wanachopaswa kuangalia ni lango: kambi iliyojenga kwenye hifadhi ya barabara inaweza kubomolewa, na maegesho yake yakaondoka nayo. Kwa barabara kuu, kazi za iliyokuwa mamlaka ya barabara, UNRA, zilirudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwishoni mwa mwaka 2024, na huko ndiko maombi ya njia ya kuingilia yanakoelekezwa.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipa

Kwanza, fahamu kiwanja kiko jiji, wilaya, hifadhi au makazi ya wakimbizi. Pili, kagua miliki na mipaka kwa mpima na ofisi ya ardhi. Tatu, uliza ofisa mipango matumizi yaliyopangwa, na upate jibu kwa maandishi. Nne, pima umbali kutoka majini na uwasiliane na ofisa mazingira. Tano, zungumza na majirani kuhusu maji na njia za mifugo. Sita, andika katika mkataba kwamba malipo makubwa yatafanyika baada ya kibali cha uendelezaji kutoka.

Sharti hilo la sita ndilo linalomlinda mwenye mtaji. Mwenye shamba mwenye nia njema hatalikataa, kwa kuwa kambi ikifungwa hata yeye hatapata kodi ya mwaka unaofuata. Anayelikataa na kuharakisha malipo huenda analijua jibu la kamati.