Mzani, mali kauli na mwenye duka wa Mwanza

Mwafrika aliyefungua duka Mwanza miaka ya 1940 hakuhitaji mtu wa kumtisha ili abanwe. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyowekwa miaka ya 1920 na kuandikwa upya mwaka 1931: deni la mwenyeji kwa mfanyabiashara asiye mwenyeji halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha serikali. Sababu iliyotolewa ni kumkinga mwenyeji na wakopeshaji. Dukani mambo yalikuwa mengine. Rejareja ya kandokando ya Ziwa Viktoria ilikwenda kwa mali kauli: muuza jumla anakupa jora la amerikani, sukari na chumvi leo, unamlipa msimu wa pamba ukifunguliwa. Asiyeweza kushtakiwa hapewi mali kauli. Basi mwenye duka huyo alinunua taslimu, kidogo kidogo, kwa bei iliyokaribia ile ya kuuzia, akapima sukari kwa mafungu madogo, na faida yake ikawa zile punje zilizobaki kwenye kona za gunia. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili nguo zikawa za mgao, na mgao uliwapendelea waliokuwa wakiagiza tangu kabla ya vita.

Nayataja haya kwa sababu tumezoea kumsimulia mwenye duka mdogo kama shujaa: wakubwa wanakuja, anakataa, wananchi wanampigia makofi. Ushujaa upo, lakini haujazi rafu. Ubabe wa sokoni hukaa ndani ya mkopo, mgao na mzani, na asiyeshika hata kimoja kati ya hivyo atakataa leo, kesho atafunga. Wenye maduka wa Kiafrika wa Mwanza walilielewa hilo, wakaunda chama cha ushirika cha kununulia bidhaa kwa jumla, Mwanza African Traders Co-operative Society. Mwaka 1947 kikapata mtendaji kijana aliyetoka ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Paul Bomani, mzaliwa wa upande wa Musoma.

Kilichofuata ndicho kinachofundisha zaidi. Mteja wa duka la Usukumani alikuwa mkulima wa pamba, na fedha yake ilipitia mahali pamoja tu, kwenye mzani wa mnunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani au kwenye baiskeli, mzigo ukatundikwa, mnunuzi akasoma namba ambayo mwenye pamba hakuweza kuisoma au hakuonyeshwa, akatoa uzito wa gunia kwa makadirio, vipande vya ratili vikaachwa, pesa zikahesabiwa. Hakuna senti iliyoibwa mbele ya macho, ila mwisho wa msimu kijiji kizima kilikuwa kimepungukiwa, na duka la kijiji likapungukiwa pamoja nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuchanga ili kuweka wapimaji wao karibu na vituo vya kununulia, watu wa kupima upya na kuandika. Naona hapo ndipo nguvu ilipohama mkono, kabla hata ya hotuba za siasa. Kutoka kwenye mizani hiyo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu. Kabla ya uhuru vyama hivyo vilikuwa vimekwisha kuchukua ununuzi wa pamba ya Jimbo la Ziwa.

Haikuwa ajabu ya Mwanza pekee. Ng'ambo ya Ziwa, huko Kenya, mwaka huohuo wa 1947, Oginga Odinga alikuwa akijenga Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya hisa ndogondogo iliyofika hadi kuweka jengo lake Kisumu. Uganda, katika ghasia za mwaka 1949, moja ya madai lilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba simulizi hii inamwonea mfanyabiashara wa Kihindi, kwa kuwa wengi wa wauza jumla na wanunuzi wa pamba niliowataja walikuwa Wahindi. Wana haki ya kuuliza. Wengi wa wenye maduka wa Kihindi walikuwa wadogo pia, nao wakidaiwa mali kauli na mabwana wa mjini. Na si siri kwamba kuna wakulima waliotia maji na mchanga ndani ya pamba. Ndiyo maana nasisitiza mzani badala ya kabila: kipimo kilichothibitishwa kinamkamata mdanganyifu wa upande wowote. Wengine watasema ushirika ulifaulu kwa sababu mkoloni aliuruhusu. Ni kweli aliuona kuwa salama kuliko chama cha siasa. TANU ilizuiwa Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, huku ushirika ukisajiliwa. Lakini ruhusa haipimi pamba. Aliyepima ni yule kijana aliyelipwa kwa michango ya wakulima.

Pingamizi zito ni la tatu, nami sina jibu la kulimaliza. Mnyonge aliyeshika mzani naye akawa mkubwa. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika, na malalamiko ya wizi, upendeleo na uzembe yalikuwa mengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na mwaka huohuo Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi. Safari hii aliyembana mwenye duka alikuja na barua ya serikali, na vijiji vingine vikabaki bila pa kununua kiberiti. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuungana. Wapimaji wa miaka ya 1950 walisimama nje ya mzani wa mnunuzi. Ushirika ulipokuwa mnunuzi, hakuna aliyesimama nje ya mzani wake.

Leo kazi ya kusimama nje ni ya Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani ya biashara na kuibandika stika. Ukiuza pamba, dagaa au sukari, iangalie stika hiyo na mwaka wake kabla hujaweka mzigo.