Majaribio Yanayojiendesha katika Programu za Wavuti za Kiswahili: Mfano wa Daftari la Wodi ya Wazazi, Mandewa

Mkunga wa zamu ya usiku, akiisha kumhudumia mzazi na mtoto, huketi mezani akaandika habari chache: jina la mama, kijiji au kata atokako, tarehe, na saa aliyozaliwa mtoto. Habari hizo ni chache, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa usiku ule ndiyo itakayomfuata mtoto katika cheti cha kuzaliwa, katika kuandikishwa shule, na katika mambo mengi ya utu uzima wake. Zamani karani au mkunga aliyekosea alipiga mstari juu ya kosa, akaandika sahihi pembeni, na kila mtu aliweza kuona kilichotokea. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia katika mitambo. Takwimu za vituo vya afya vya Tanzania Bara, ambazo hukusanywa kutoka vitabu vya MTUHA, huingizwa katika DHIS2, programu ya wavuti iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na iliyokuwa imeenezwa mikoani kufikia mwisho wa mwaka 2013. Mwaka huohuo RITA ilianza huko Mbeya mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ambamo taarifa za mtoto hupelekwa kwa simu ya mkononi. Katika mifumo ya namna hii kosa la programu halifanani na kosa la kalamu. Kalamu hukosea mara moja. Programu hukosea kwa kila mtoto atakayefuata, tena bila kuacha alama yoyote ya kufutwa.

Makala haya yaeleza jinsi programu ya wavuti inavyowekewa majaribio yanayojiendesha, na hasa yale ambayo programu isemayo Kiswahili huyahitaji na ambayo vitabu vya ufundi huu, vilivyoandikwa kwa kufuata lugha nyingine, havina sababu ya kuyataja. Kwa mfano imechukuliwa programu ya kubuni, yaani daftari la wodi ya wazazi la kutumiwa katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida. Hakuna kituo cha kweli kinachokusudiwa.

Kwanza maneno yenyewe. Neno "mtihani" halifai hapa, kwa sababu mtihani hupewa mtu, naye hufaulu au hushindwa kwa kadiri. Anaweza kupata alama 60 katika 100. "Kipimo" nacho huashiria kiasi. "Jaribio" lafaa zaidi, kwa kuwa hueleza tendo lifanywalo ili kuona kama jambo litakuwa kama lilivyotarajiwa, na jibu lake ni ndiyo au siyo. Jaribio "linalojiendesha" ni lile ambalo mtu ameliandika mara moja kwa lugha ya kompyuta, kisha mtambo ukalirudia kila programu inapobadilishwa, bila mtu kukaa mbele ya kioo na kubonyeza. Muundo wake wa maana ni ule ambao Kiswahili huueleza kwa kiambishi -ki-: mkunga akiandika hivi, programu na ionyeshe vile. Kila jaribio lina hali ya kuanzia, tendo, na tokeo linalotarajiwa. Tokeo hilo huandikwa na mtu, na mtambo hauna ujuzi wa kujua kama alichokiandika ni sawa.

Ufundi huu ulipata umbo lake la sasa katika miaka ya 1990. Kent Beck na Erich Gamma waliiandika JUnit, chombo cha kujaribu vipande vidogo vya programu za Java, mwaka 1997, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alitengeneza Selenium, ambayo huendesha kivinjari chenyewe: hufungua ukurasa, huandika katika visanduku, hubonyeza vitufe, kisha husoma kilichoonekana. Namna ya kukiamuru kivinjari kwa njia hiyo ilifanywa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2018 chini ya jina la WebDriver. Kwa hiyo majaribio ni ya tabaka mbalimbali. Yapo ya kipande kimoja, kwa mfano amri igeuzayo saa, nayo humalizika kwa muda usiofika kufumba na kufumbua. Yapo pia ya safari nzima, tangu mkunga afungue ukurasa hadi taarifa zihifadhiwe. Hayo ni ya polepole na huvunjika kwa sababu ndogo, kwa hiyo hufanywa machache.

Kuyaweka majaribio katika daftari la Mandewa hakuhitaji mtambo mkubwa. Hutengwa hazina ya taarifa ya majaribio peke yake, isiyogusana kamwe na hazina ya kweli, na ndani yake huwekwa akina mama wa kubuni. Kutumia majina ya wagonjwa wa kweli kwa kazi hii ni kosa, hata kama ndiyo njia ya mkato ipendwayo na wengi. Kisha seva huamriwa kuyaendesha majaribio yote kila fundi anapoleta badiliko, na badiliko lisilofaulu hukataliwa kabla halijafika wodini. Hayo ni mambo ya kawaida, na fundi yeyote aweza kuyasoma kwingineko. Taabu huanza pale lugha inapoingia.

Na iangaliwe saa. Kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane; Mswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo na saa za usiku tangu machweo. Fundi aliyeambiwa kwamba tofauti ni saa 6 huandika amri ya kutoa 6. Akiijaribu mwenyewe mezani pake, 10:30 ya kompyuta inakuwa saa 4:30, ambayo ni kweli; 15:00 inakuwa saa 9:00, ambayo pia ni kweli; hata 18:30 inakuwa saa 12:30, na hapana aibu. Lakini 19:00 inakuwa saa 13, saa isiyokuwapo katika Kiswahili. 06:30 inakuwa saa 0:30. Na 01:00 inakuwa saa 5 pungufu ya sifuri. Amri hiyo ni sahihi tangu 07:00 hadi 18:59, kisha ni kosa usiku kucha. Mtu anayefanya kazi mchana aweza kuijaribu kwa mkono mwaka mzima asilione kosa lake hata siku moja, na hali wodi ya wazazi hailali. Hapa ndipo jaribio linalojiendesha linapoonyesha faida yake, maana mtambo waweza kuambiwa kwamba sasa ni 00:30, halafu 06:30, halafu 19:00, na tokeo linalotarajiwa likaandikwa mbele ya kila moja: saa 6:30 usiku, saa 12:30 asubuhi, saa 1:00 usiku. Dawa yenyewe ni fupi: baada ya kutoa 6 huchukuliwa baki la kugawanya kwa 12, na baki likiwa 0 husomwa 12.

Neno lifuatalo saa halina dawa fupi namna hiyo. 04:30 ni saa 10:30 usiku au saa 10:30 alfajiri? Wazungumzaji hutofautiana, na wengine hutofautiana na nafsi zao kwa kufuata majira na mahali. Mtambo hauwezi kuamua, lakini huwalazimisha wenye programu waamue, kwa sababu jaribio haliandikiki mpaka jibu moja limechaguliwa.

Tarehe ni jambo la hatari zaidi. Seva nyingi huhifadhi wakati kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtoto aliyezaliwa Mandewa tarehe 15 saa 7:00 usiku, yaani 01:00, kwa saa za seva amezaliwa tarehe 14, 22:00. Programu isiyorudisha tofauti hiyo kabla ya kuandika tarehe itawapunguzia siku moja watoto wote wazaliwao kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku, wala haitamgusa mwingine. Jaribio la kosa hili lazima liwe na saa iliyosimamishwa, yaani wakati uliowekwa na mwandishi wa jaribio. Likiachwa lifuate saa ya kweli, litafaulu mchana na kushindwa usiku, na mafundi watasema kwamba jaribio ni bovu.

Hata baada ya hapo lugha haijamaliza. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza magharibi. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kwa kijana aliyesomea shule za leo ni usiku unaoufuata. Ukurasa ukiandika "Amezaliwa usiku wa Ijumaa", wasomaji wawili watapata tarehe mbili, na kila mmoja atakuwa amesoma sawasawa. Kiswahili kina tamko lisilo na utata, nalo ni "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambalo hutumika sana katika habari za magazeti. Jaribio laweza kudai kwamba tamko hilo ndilo litumike na kwamba lile la kwanza lisionekane popote katika ukurasa.

Majina ya mahali huleta tabu ya aina nyingine. Mama ajaye Mandewa kutoka Mang'onyi, katika Wilaya ya Ikungi, ana alama ya ng' katika jina la kwao. Alama hiyo si pambo: ng'oa si ngoa. Lakini katika kompyuta kuna alama zaidi ya moja inayofanana nayo, mojawapo iliyonyooka na nyingine iliyopinda, na baadhi ya simu hubadili ya kwanza kuwa ya pili bila kumwuliza mwandishi. Taarifa iliyoingizwa kwa simu haitaonekana ikitafutwa kwa kompyuta ya mezani, na mkunga atamwandika mama yuleyule mara ya pili. Kuna programu ambazo alama hiyo huzivunja kabisa, kwa kuwa katika lugha za kuulizia hazina ya taarifa alama iliyonyooka ndiyo ifungayo neno. Jaribio lifaalo huingiza Mang'onyi kwa alama zote mbili, hutafuta kwa kila moja, na kudai kwamba mtu apatikanaye ni mmoja.

Upatanisho wa kisarufi huonekana kuwa jambo dogo, lakini ndio unaomwambia msomaji kama programu iliandikwa kwa Kiswahili au ilivalishwa Kiswahili. Fundi hupenda kuandika sentensi moja yenye pengo, kisha nomino yoyote ikaingizwa. Kanuni za Unicode hukipa Kiswahili aina mbili tu za idadi, umoja na wingi, na kwa idadi zinatosha. Kwa ngeli hazitoshi, maana mtoto 1 amesajiliwa, watoto 5 wamesajiliwa, cheti 1 kimetolewa, vyeti 5 vimetolewa. Ngeli ya N ndiyo mtego mkubwa. Taarifa 1 imepokewa, taarifa 5 zimepokewa: nomino haikubadilika. Jaribio litazamalo nomino peke yake litaipitisha "taarifa 5 imepokewa" bila wasiwasi. Na pasipokuwa na kitu, "watoto 0 wamesajiliwa" si kosa la upatanisho, lakini hakuna mkunga asemaye hivyo. Husemwa "hakuna mtoto aliyesajiliwa".

Mambo haya yote yategemea aliyeandika tokeo linalotarajiwa. Fundi aliyeamini kwamba "taarifa 5 imepokewa" ni sahihi, akaiandika hivyo katika jaribio, amekwisha kulilinda kosa: atakayekuja kulisahihisha ataonyeshwa rangi nyekundu na kuambiwa kwamba ameharibu programu. Kwa sababu hiyo orodha ya matokeo yanayotarajiwa yafaa iwekwe katika jalada lake, mbali na amri za kompyuta, ili mjuzi wa lugha asiyejua Java aweze kuisoma na kuirekebisha. Kwa vitufe, hali kadhalika. Jaribio likikitafuta kitufe kwa neno lake, "Hifadhi", litavunjika siku mfasiri atakapochagua "Tunza". Likikitafuta kwa kitambulisho kilichofichwa ndani ya ukurasa, litafaulu hata kitufe kikiandikwa "Futa". Katika daftari la Mandewa majaribio ya safari nzima yangetumia kitambulisho, na jaribio moja dogo la pembeni lingesoma maneno ya vitufe vyote na kuyalinganisha na jalada hilo la mjuzi wa lugha.