Zunguka mtaa dakika 30, linda moyo wako

Wengi wetu tukisikia mazoezi tunafikiria vijana na mpira. Matokeo yake mtu mzima anapanda bodaboda asubuhi, anakaa dukani kutwa, jioni anarudi kwa bodaboda. Shinikizo la damu na kisukari huingia kimya kimya katika maisha ya namna hii.

Ndugu msomaji wa Singida mjini, dawa ipo mlangoni kwako. Mji wetu una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Baada ya swala ya Alfajiri, kukishapambazuka, toka na mwenzako kabla upepo haujaanza kutimua vumbi. Tembeeni dakika 15 kuelekea ziwa lililo karibu, kisha rudini kwa njia nyingine. Siku 5 zinatimiza dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa watu wazima.

Mwendo uwe wa haraka kiasi: uweze kuzungumza, ushindwe kuimba kaswida. Ukisikia maumivu ya kifua, simama na uwahi hospitali.

Mwenye kisukari asiende peku wala na kandambili. Miguu ikifa ganzi, mwiba huchoma bila yeye kuhisi, na kidonda kidogo huweza kuishia kukatwa mguu. Avae viatu vya kufunika vidole. Kila anapotawadha, akague nyayo zake na kukausha katikati ya vidole. Akiona jeraha, asisubiri lipone lenyewe.