Mwajiriwa Asiyetawala Nadhari Yake

Katika ofisi nyingi yumo mfanyakazi ambaye, ijapokuwa ana akili ya kutosha na nia njema, hufika amechelewa, huanza barua tatu asimalize hata moja, na huikumbuka ahadi aliyompa mkuu wake wakati ahadi hiyo imekwisha kupita. Naye, kwa kuwa ila yake haina kidonda wala homa, huitwa mvivu tangu utotoni, hata mwisho akalisadiki jina hilo mwenyewe. Aghalabu ni dhulma.

Tabibu Alexander Crichton alikwisha kuwaeleza, katika kitabu cha mwaka 1798, watu wasioweza kuzituliza fikira zao mahali pamoja, na mwaka 1902 George Still akawahutubia matabibu wa London juu ya watoto wa namna hiyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hali hii, iitwayo leo ADHD, humwacha mtu anapobaleghe. Sasa yajulikana kuwa huwafuata wengi hata utu uzima, na kwamba kwa sehemu kubwa hurithiwa. Wataalamu huinasibisha na kazi ya dopamini na noradrenalini, kemikali ziisaidiazo sehemu ya mbele ya ubongo kupima lipi litangulie na lipi lingoje. Wala mtu huyu hakukosa nadhari, maana katika kazi impendezayo aweza kuzama hata adhana ya magharibi ikampita asiisikie. Kinachomshinda ni kuielekeza kule inakohitajiwa, na kuuhisi mwendo wa wakati, kwani la Ijumaa ijayo na la mwakani kwake yote yako mbali.

Basi lile ambalo kichwa hakilishiki na litolewe nje ya kichwa, liwekwe pale pale kazi inapofanyika. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alidhihirisha, katika makala ya mwaka 1999, kwamba azma iliyofungamanishwa na tukio maalumu hutimizwa zaidi kuliko azma tupu, na baadaye yeye na wenzake wakaiona faida hiyo kwa watoto wenye ADHD. Karani wa wakala wa forodha, mathalan, asiseme, "Leo nitamaliza hesabu," bali aandike na kubandika chini ya kioo cha kompyuta: "Nikirudi kutoka chai ya saa nne, nitafungua faili la makontena, nijaze mistari kumi." Simu ikae ndani ya mtoto wa meza, saa ya mishale iwe mbele ya macho, apate kuuona muda uliosalia, na agizo alilopewa kwa mdomo njiani alirudishe kwa maandishi kabla hajaketi.

Kwa mkuu wake, naona si lazima ataje ADHD. Inatosha kuomba jambo mahsusi, kama maagizo ya maandishi, meza iliyo mbali na mlango, na kazi kubwa kugawanywa, kila sehemu na siku yake. Mkuu mwenye insafu hatakataa, kwa kuwa haya hayamgharimu kitu.

Ama dawa, kama methilifenideti, huwafaa wengi, lakini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na uchovu wa kukosa usingizi au wahka waweza kufanana na hali hii, ilhali ADHD huwa imeonyesha dalili zake kabla ya umri wa miaka 12. Kwa hiyo, msomaji unayejiona humu, usipokee kidonge cha mwenzio. Nenda kwa tabibu wa akili akupime kwanza.