Ngome gani inaifaa tovuti ya chama chenu?

Msikilizaji, tuseme chama chenu cha ushirika kina tovuti. Wakulima huifungua kwenye simu kuona bei ya kahawa na namba ya kulipia mbegu. Usiku mmoja mdukuzi anaingia na kubadilisha namba hiyo tu. Asubuhi wanachama wanatuma pesa, zinakwenda kwa mwizi. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu ukurasa unaonekana vilevile.

Kinga mojawapo ni ngome ya tovuti, ambayo mafundi huiita faiawoli. Ni programu inayokagua kila ombi linalofika kwenye tovuti na kulizuia lenye dalili za hila, kwa mfano mtu anayejaribu nywila moja baada ya nyingine bila kukoma. Tusiichanganye na alama ya kufuli tunayoiona kwenye simu. Kufuli huzuia mawasiliano yako na tovuti yasisomwe njiani, lakini halimzuii mwizi kuivunja tovuti yenyewe.

Ngome hizi ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hukaa ndani ya tovuti, kama mlinzi aliye sebuleni. Kwa tovuti za WordPress, mfano ni Wordfence. Ni rahisi kuiweka, ila hutegemea seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Maombi yakifurika, seva huelemewa. Pia wanaotumia toleo la bure hupata kanuni mpya za ulinzi siku 30 baada ya wanaolipia.

Ya pili husimama nje, kama mlinzi wa getini. Mfano ni Cloudflare, yenye huduma ya bure pia. Maombi hupita kwao kwanza, hivyo mafuriko huzuiwa mbali. Lakini anwani halisi ya seva lazima ifichwe. Mwizi akiijua, atalizunguka geti.

Mchague ipi? Kwanza iulizeni kampuni inayowahifadhia tovuti kama tayari imeweka ngome. Kama haijaweka, na hamna fundi wa kuangalia kila siku, tunashauri muanze na ya nje. Fundi akipatikana, ongezeni ya ndani.

Hata hivyo, nywila ikiwa ni jina la chama, mwizi ataingia kama mwenyeji. Wekeni nywila ndefu, sasisheni programu, tunzeni nakala ya tovuti. Nawe mwanachama, ukiona namba ya malipo imebadilika, mpigie katibu kabla ya kutuma pesa.